Ufuko Wetu, Mstari Wao: Ramani ya Ziwa Nyasa Katika Tovuti

Muhula uliopita wanafunzi wanne wa chuo ninachofundisha hapa Songea waliniomba niwasimamie katika kazi waliyoiita ndogo. Walikuwa na tovuti yao kuhusu huduma za jamii katika Wilaya ya Nyasa: zahanati, shule za sekondari, visima, na mialo ambako wavuvi hushusha usipa na mbasa. Taarifa zote zilikaa katika majedwali marefu ambayo, kwa kusema kweli, hakuna aliyekuwa akiyasoma. Walitaka ramani. Hawakutaka picha tu, kama ile iliyobandikwa ukutani katika ofisi ya mtendaji wa kata. Walitaka ramani ambayo msomaji ataivuta kwa kidole, ataikuza, na akibofya alama aambiwe hii ni zahanati gani na kama ina chumba cha kujifungulia.

Mimi nafundisha siasa na utawala, wala si kompyuta. Nilikubali kwa kuwa wilaya hii, iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012, hupangiwa mambo mengi na watu ambao hawajawahi kuteremka ile milima hadi Mbamba Bay. Ramani nzuri ingewateremsha, walau kwa macho.

Naomba msomaji anivumilie nieleze namna ramani hiyo inavyoundwa, kwa kuwa mzozo ninaotaka kuuzungumzia umo ndani ya muundo wake. Ramani ya aina hii ina matabaka. Tabaka la juu ni lako: alama zako, maelezo yako, rangi zako. Tabaka la chini, lenye barabara, mito, majina ya miji na mipaka ya nchi, kwa kawaida si lako. Hulichukua kwa mtu mwingine likiwa limekwisha kuchorwa, nalo huletwa kwenye ukurasa wako vipande vipande, mithili ya vigae vya mraba. Kuiona dunia nzima kwa mbali kabisa kunahitaji kigae kimoja. Ukikuza hatua moja, vigae vinne. Hatua ya pili, kumi na sita. Ukifika hatua ya kumi dunia imekatwa katika vigae zaidi ya milioni moja. Na bado msimbo wa kuyaunganisha haya yote hauzidi mistari michache. Programu huria waliyoitumia wanafunzi, Leaflet, ilitolewa mwaka 2011 na Vladimir Agafonkin, mhandisi kutoka Ukraine, nayo ni nyepesi kiasi kwamba hata simu ya bei ya chini huimudu.

Ramani huria nazo si ngeni kwetu. OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, humruhusu mtu yeyote kuchora mtaa wake na kuitumia kazi ya wenzake kwa sharti la kutaja chanzo. Kuanzia mwaka 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam madarasani, ukawapeleka katika kata zinazofurika wakati wa mvua ili wachore mitaro na vichochoro ambavyo havikuwa katika ramani yoyote. Wanafunzi wangu walikuwa wamesikia habari hizo, na nadhani ndizo zilizowatia hamu.

Kulikuwa na vichekesho vya njiani. Programu ile husoma latitudo kwanza, kisha longitudo. Mafaili ya data yenyewe huanza na longitudo. Mbamba Bay iko latitudo 11.28 kusini na longitudo 34.77 mashariki, lakini ukizigeuza namba hizo bila kugusa alama ya kutoa, utajikuta katikati ya bahari ya Atlantiki, magharibi ya Rabat. Asubuhi moja mialo yote ya Wilaya ya Nyasa ilikuwa imehamia huko. Mmoja wao akasema wavuvi wetu hatimaye wamepata bahari. Kulikuwa pia na suala la bando, ambalo watengenezaji wengi wa tovuti hulisahau kwa kuwa wao hukaa penye intaneti ya ofisi. Kila unapoivuta ramani, vigae vipya hupakuliwa, na anayelipa ni yule mama wa Liuli mwenye bando la siku. Wakaamua kwamba ukurasa ufunguke kwanza na picha nyepesi, na ramani yenyewe ije pale tu msomaji atakapoitaka. Hilo lilinifurahisha kuliko ufundi wote mwingine.

Kisha alama zikakaa mahali pake, na hapo ndipo mmoja wao, kijana aliyezaliwa kando ya ziwa, alipokuza ramani mpaka kijijini kwao na kunyamaza. Tabaka la chini, tulilolichukua kwa mtoaji mmoja wa nje ambaye sina haja ya kumtaja, lilikuwa na mstari wa mpaka wa kimataifa. Mstari huo ulishuka kutoka mdomo wa Mto Songwe, ukafuata ufuko wetu, kichwa kwa kichwa na mchanga, hadi kusini. Maji yote yalikuwa upande wa pili. Baadhi ya mialo waliyoipima wenyewe kwa simu, wakiwa wamesimama penye mitumbwi, iliangukia upande huo wa pili wa mstari.

“Mwalimu,” akaniambia, “kwa ramani hii bibi yangu huteka maji Malawi kila asubuhi, wala hana pasipoti.”

Tulicheka, lakini si kwa muda mrefu. Tovuti ilikuwa na majina yao chini yake. Mtu akiifungua angesoma kwamba vijana wanne wa Songea wanasema Tanzania inaishia mchangani.

Mstari huo una umri wa kutosha. Tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilitiliana saini mjini Berlin mkataba ambao Wazungu huukumbuka kwa kisiwa cha Heligoland na sisi twaukumbuka kwa Zanzibar. Ndani yake, kwa sentensi chache, himaya mbili ziligawana pia nchi zilizozunguka ziwa hili, na mpaka ukaandikwa kuwa utafuata fukwe za mashariki, kaskazini na magharibi hadi mdomo wa Songwe. Waliouandika walikuwa mezani, na mbele yao palikuwa na ramani. Hakuna aliyemuuliza mvuvi, na sidhani kama ilimpitikia yeyote kwamba kuna haja ya kumuuliza.

Hata waliousaini hawakuuheshimu kwa namna inayoeleweka kirahisi. Wajerumani, ambao kwa maandishi yao wenyewe walikuwa na nchi kavu tu, walikuwa na meli ya serikali ziwani, Hermann von Wissmann, na bandari waliyoiita Sphinxhaven kwa sababu ya mwamba wenye umbo la mnyama wa Misri. Sphinxhaven ndiyo Liuli ya leo. Ilikuwa hapo, tarehe 13 Agosti 1914, ambapo manowari ndogo ya Waingereza, Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliikuta meli ya Wajerumani ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, ikaishambulia na kuizima. Ni miongoni mwa mapambano ya kwanza kabisa ya majini ya Vita Kuu ya Kwanza, na yalitokea katika wilaya ambayo wanafunzi wangu walikuwa wakihesabu visima vyake. Wote wanne walikuwa wamefaulu historia kidato cha sita. Hakuna aliyekuwa amelisikia. Liuli sasa ina alama yake katika ramani yao, ambayo hapo awali haikuwa katika mpango.

Vita ilipokwisha na Mwingereza akashika pande zote mbili, Tanganyika kwa udhamini na Nyasaland kama himaya, ziwa lilikuwa kama ua wa nyumba moja, na wachoraji wakachora walivyoona. Baadhi ya ramani za utawala wa miaka ile ziliupitisha mpaka katikati ya maji, nyingine ufukweni. Mwaka 1954 Uingereza ikakaa na Ureno na kuigawia Msumbiji nusu yake ya ziwa kwa mstari wa katikati, isipokuwa visiwa vya Likoma na Chizumulu, vilivyobaki vya Nyasaland ingawa viko karibu zaidi na pwani ya Msumbiji. Yaani jirani yetu wa kusini, mwenye ufuko ule ule wa mashariki, alipewa maji. Sisi tuliokuwa chini ya Mwingereza huyo huyo hatukupewa karatasi yoyote.

Sasa niseme jambo ambalo baadhi ya wasomaji wangu hawatalipenda. Hoja ya Malawi si ya kipuuzi. Katika miaka ya mwanzo ya uhuru, Serikali ya Tanganyika yenyewe haikuupinga mstari wa ufukweni. Julai 1964, huko Cairo, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipitisha azimio kwamba wanachama wataheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru, na Mwalimu Nyerere alikuwa miongoni mwa waliolitetea kwa nguvu zaidi. Ni mwaka 1967 ndipo Tanzania ilipotamka rasmi kwamba mpaka ni katikati ya ziwa, na Rais Kamuzu Banda akakataa katakata. Malawi husema: mmeapa kuheshimu mipaka ya mkoloni, basi mpaka ni huu. Tanzania hujibu kwamba mkoloni mwenyewe alichora mistari miwili, na kwamba si desturi ya mataifa kumnyima maji mtu anayeishi kwa maji hayo. Binafsi naona jibu letu lina nguvu, hasa kwa hilo la Msumbiji. Lakini mwanafunzi asiyejua azimio la Cairo hawezi kulijibu. Atapiga kelele tu.

Jambo hili lililala hadi Malawi ilipotoa leseni ya kutafuta mafuta ziwani, na mwaka 2012 maneno yakapanda moto kati ya Lilongwe na Dar es Salaam. Suala likapelekwa kwa wastaafu, yaani jukwaa la marais wa zamani wa Afrika, na Joaquim Chissano wa Msumbiji akaongoza usuluhishi. Wavuvi waliendelea kuvua, na mstari ukaendelea kuwapo katika seva za mbali zinazolisha tovuti kwa vigae.

Je, mstari katika tovuti una uzito wowote? Mwaka 2010 askari wa Nicaragua waliingia katika kipande cha ardhi kinachoitwa Isla Calero, mpakani na Costa Rica, na kamanda wao, Edén Pastora, akajitetea kwa kuonyesha kwamba ramani ya Google iliweka eneo lile upande wa nchi yake. Kampuni ilikiri kuwa mstari ulikosewa na ikaurekebisha. Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua mwaka 2015 kwamba ardhi ni ya Costa Rica. Mahakama hiyo hiyo, katika shauri la Burkina Faso na Mali la mwaka 1986, ilikuwa imekwisha kueleza kuwa ramani peke yake haimpi mtu miliki ya ardhi: ni taarifa tu, na usahihi wake hutofautiana. Kwa hiyo kisheria bibi wa mwanafunzi wangu hakupoteza tone la maji. Lakini watu wengi hawasomi hukumu. Husoma ramani, na husoma ile iliyo mbele yao simuni. Watoaji wakubwa hulijua hilo. Ndiyo sababu mipaka ya Kashmir huonekana kwa namna moja kwa aliyeko India na kwa namna nyingine kwa aliyeko kwingine. Wateja hao wana soko. Wilaya ya Nyasa haina.

Habari zilipofika nje ya chuo, mtumishi mmoja wa umma, mtu ninayemheshimu, aliwaita vijana na kuwashauri waifute ramani yote. “Wanangu, mambo ya mpaka yana wenyewe,” aliwaambia. Namwelewa. Ana mshahara na ana wakubwa, na mpaka si suala la mzaha. Hata hivyo, kufuta ramani kulimaanisha kufuta zahanati pamoja na mstari, na mwishowe angebaki yeye na majedwali yake. Wapo wengine, wanaharakati wetu wenye damu moto, waliotaka tuchore mstari mmoja mnene katikati ya ziwa, wenye rangi za bendera, na tusiandike neno. Na yupo aliyesema tuondoe mistari yote, ziwa libaki bluu kama alivyoliumba Mungu.

Nililipima hilo la mwisho kwa siku kadhaa kwa sababu lina uzuri wake. Mwishowe nililikataa. Kuacha ziwa tupu ni kumdanganya msomaji kwamba hakuna swali. Tena tusijifiche nyuma ya Katiba: Ibara ya 2, inapoeleza eneo la Jamhuri ya Muungano, huitaja bahari tunayopakana nayo, lakini maziwa haiyataji kwa jina. Anayetaka kujua mpaka wa Ziwa Nyasa hana budi kwenda katika historia na katika misimamo ya serikali mbili, na hapo ndipo tulipotaka afike.

Wakatafuta tabaka la chini lisilo na mipaka, jambo ambalo linawezekana bila gharama, na wao wenyewe wakaichora mistari kama tabaka la pekee. Ule wa katikati, ambao ni msimamo wa Tanzania, ni wa vipande vipande. Ule wa ufukweni, ambao ni msimamo wa Malawi, nao ni wa vipande vipande, mwembamba zaidi. Ukibofya wowote, hufunguka maelezo mafupi yenye tarehe: 1890, 1954, 1964, 1967, 2012. Tuliyaandika mara saba. Mabishano makali kuliko yote yalihusu neno moja, kama tuandike kwamba Malawi “inadai” na Tanzania “inashikilia”, au kinyume chake, au nchi zote mbili zitumie kitenzi kimoja. Zikatumia kimoja. Aliyepigania usawa huo wa vitenzi ndiye yule mjukuu wa mteka maji, na hoja yake ilikuwa ya kiutendaji: alitaka ndugu zake wa Nkhata Bay, ambao familia yake imeoana nao, waisome bila kutukanwa.

Jina nalo lilihitaji uamuzi. Malawi huliita Ziwa Malawi, Msumbiji huandika Niassa, sisi twasema Nyasa, neno ambalo katika lugha za huku lina maana ya ziwa, hivyo Ziwa Nyasa ni Ziwa Ziwa. Livingstone alilifikia mwaka 1859 akaulizia jina, akajibiwa kwamba ni ziwa. Data huria zina nafasi ya jina kwa kila lugha, na kwa kuwa tovuti ni ya Kiswahili tulitumia la Kiswahili. Hilo halikuchukua hata dakika tano.

Kilichochukua muda ni ufuko wenyewe. Tulipoondoa mstari wa wenzetu na kuangalia kilichobaki, tuliona kwamba ramani ile, yenye uhakika mkubwa kuhusu Berlin ya mwaka 1890, haikujua lolote kuhusu nchi kavu iliyo kando yake. Vijiji vingi havikuwa na jina. Njia za miguu zinazopanda kwenda Umatengo hazikuwapo. Sehemu ndefu za ufuko zilikuwa nyeupe kama karatasi, mahali ambapo wanafunzi walikuwa wamehesabu mitumbwi kwa makumi. Ndipo kazi ya wiki mbili ilipogeuka kuwa ya muhula. Walikwenda tena likizo, kwa basi hadi Mbinga na kuteremka, wakiwa na simu na daftari.

Nilikwenda nao mara moja. Mzee mmoja, tulipomweleza habari za mistari miwili, alitaka kujua ni upi unaoonekana usiku. Tukamjibu kwamba hakuna hata mmoja unaoonekana. Akasema basi wao hurudi kwa kutazama vilele vya milima na kwa kusikiliza upepo, na kwamba mwera ukianza kuvuma, ule wa kutoka kusini, mvuvi wa upande wowote huingia katika ghuba yoyote iliyo karibu, na huko hupewa ugali kabla hajaulizwa atokako. Kisha akatuuliza jambo ambalo hatukuwa tumelifikiria: kama ramani yetu inaweza kuonyesha miamba iliyo chini ya maji karibu na mwalo wao, maana vijana wa injini hawaijui na wamekwisha kuvunja mashine mbili. Sasa kuna tabaka la miamba. Ndilo lililo kamili kuliko yote, kwa sababu wazee watatu walikaa na wanafunzi jioni mbili mfululizo, wakielekeza kwa fimbo.

Ofisi mbili za umma zimeomba kuitumia ramani ya zahanati. Moja iliomba ipewe bila mistari ya ziwani, nasi tukaipa. Tabaka huzimwa kwa kubofya mara moja, na zahanati hazibadiliki. Yule mtumishi aliyeshauri ifutwe alinipigia simu mwezi uliopita kuuliza kama visima vya tarafa moja vinaweza kuongezwa kabla ya kikao cha bajeti. Vimeongezwa.

Limebaki jambo moja kubwa, nalo halihusu Malawi. Kati ya vijiji viwili jirani kuna mwalo ambao kila kijiji huuita kwa jina lake na kusema ni wake, kwa sababu ushuru wa samaki hukusanywa hapo. Wenyeviti wote wawili wameiona ramani, na kila mmoja ameleta barua yenye muhuri. Wanafunzi wamepanga kukutana nao pamoja, chini ya mwembe ulio mpakani, baada ya mitihani. Kwa sasa alama ile imewekwa bila jina. Ukiibofya, inasema tu: mwalo, mitumbwi 41, maji ya kina kifupi upande wa kaskazini.